Bima wamenipa laki nne kwa mguu uliovunjika. Nichukue?

Swali: Shikamoo wakili. Nina miaka 34, nauza viazi karai na bajia hapa Kisauni, Mombasa. Miezi 8 iliyopita nilikuwa nimepanda bodaboda naelekea Bamburi, lori likatoka kituo cha mafuta bila kutazama, likatugonga ubavuni. Mguu wa kulia ulivunjika mifupa miwili chini ya goti, nikapasuliwa na kutiwa vyuma. Sasa bima ya lile lori wananipa shilingi 400,000 tumalize. Aliyeniletea karatasi anasema nisipotia sahihi ndani ya siku 7 ofa inaondolewa. Mume wangu anasema tuchukue maana deni la chama linatukaba. Kaka yangu anasema tukatae, mahakamani tutapata milioni 3. Sikuwa nimevaa helmeti. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa maumivu.

Nianze na lile unalolihitaji wiki hii. Karatasi hiyo usiitie sahihi. Na ofa yenyewe usiikatae. Wajibu kwa barua fupi kwamba umeipokea, unaifikiria, na unasubiri ripoti ya daktari wa mifupa kuhusu vyuma vilivyo mguuni. Hakuna kitakachoharibika kwa barua kama hiyo, nawe utakuwa umepata nafasi ya kupiga hesabu ambayo mpaka sasa hakuna aliyekupigia.

Hebu tuipige pamoja. Katika ujumbe wako wa pili ulinitajia kwamba risiti ulizonazo mkononi zinafika shilingi 142,000, na kwamba daktari amekuambia vyuma vitatolewa mwakani kwa operesheni nyingine ya takriban shilingi 120,000. Ulisema pia kwamba ulikaa miezi 5 bila kuwasha jiko, na kabla ya ajali ulikuwa ukibaki na kama shilingi 800 kwa siku baada ya kununua viazi, unga, mafuta na makaa. Kwa siku 26 za mwezi hiyo ni 20,800. Kwa miezi 5 ni 104,000.

Sasa chukua ile laki nne. Toa 142,000 ulizokwisha kulipa hospitali, ambazo ndizo hilo deni la chama. Zinabaki 258,000. Toa 120,000 za operesheni inayokuja. Zinabaki 138,000. Toa 104,000 za miezi uliyokaa bila kazi. Zinabaki 34,000.

Hizo 34,000 ndizo wanazokupa kwa ajili ya mguu wenyewe: kwa usiku ule wa kwanza, kwa magongo, kwa kuchechemea, kwa kusimama saa mbili mbele ya karai ulipokuwa ukisimama saa saba. Ukisikia "laki nne" inaonekana pesa nyingi, na kwa mtu mwenye deni ni nyingi kweli. Lakini kilichomo ndani yake ni hicho.

Nilianza kazi nikiwa kijana katika ofisi ya madai ya kampuni moja ya bima, kabla sijavuka upande wa pili. Kila faili pale lilikuwa na kadirio lililoandikwa na kampuni yenyewe, yaani kiasi ilichotenga ikitarajia kwamba madai yatagharimu hivyo. Ofa ya kwanza ilikuwa chini ya kadirio hilo karibu kila mara, na mara nyingine chini sana. Hapakuwa na chuki kwa mtu. Ofisa aliyefunga faili kwa pesa kidogo alihesabiwa kuwa mfanyakazi mzuri, basi. Nakwambia haya ili ujue kwamba ofa ya kwanza ni pa kuanzia mazungumzo, na wao wenyewe wanajua hivyo.

Kuna mteja mmoja simsahau. Alikuwa mchukuzi wa mizigo, naye alivunjika muundi kama wewe. Alitia sahihi mwezi wa nne baada ya ajali, akalipwa, akanunua mkokoteni. Mwezi wa kumi na tano akaja ofisini kwangu na bahasha ya eksirei kwapani. Kidonda kilikuwa kimefunguka juu ya chuma, kinatoa usaha, na daktari anataka kumpasua upya. Aliiweka ile karatasi aliyotia sahihi mezani, akaninyooshea kwa mikono miwili, akitumaini nitaona ndani yake neno la kumwokoa. Nilisoma mara mbili. Iliandikwa kwamba anaachilia madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye. Sikuwa na la kufanya. Mahakama huweza kuivunja hati kama hiyo ikithibitika kuwa mtu alidanganywa au alilazimishwa, lakini majuto peke yake hayatoshi.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayeniuliza kama achukue ofa huwa moja: mwili wako umeshatulia? Daktari ameandika kwamba mfupa umeunga, ameandika asilimia ya ulemavu uliobaki kama upo, ameandika gharama ya matibabu yaliyosalia? Wewe bado. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, uliyojaziwa baada ya ajali inaeleza jeraha lilivyokuwa siku hizo, haielezi mguu ulivyo leo. Nenda kwa daktari wa mifupa umwombe ripoti mpya, na gharama ya kutoa vyuma iandikwe kwa tarakimu ndani yake. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mahakama za Kenya hazikupi gharama za matibabu ya baadaye usipokuwa umezidai waziwazi na kuleta ushahidi wa kiasi. Na bima nao, wakati wa kujadiliana, hawalipi ambacho hakijaandikwa.

Nije kwa kaka yako. Hiyo milioni 3 anayoisema ipo katika sheria, ila si mgao wa kila aliyeumia. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inasema kampuni ya bima inalazimika kulipa hukumu ya mtu mmoja hadi shilingi 3,000,000. Kikizidi hapo, mwenye gari ajilipie. Ni dari. Wewe utapata kulingana na jeraha lako. Katika hukumu za Mahakama Kuu za miaka ya karibuni, kwa mtu aliyevunjika mifupa yote miwili ya muundi na ikaunga, fidia ya maumivu peke yake ninayozoea kuiona ni kati ya laki nne na laki nane. Huhitaji kuniamini mimi. Tovuti ya Kenya Law inaweka hukumu wazi bila malipo. Mpe binti yako wa sekondari simu atafute hukumu zenye jeraha kama lako, na asome majaji walitoa ngapi na kwa nini. Hakimu atafanya vivyo hivyo, atatazama majeraha yanayofanana na miaka iliyopita tangu hukumu hizo zitolewe.

Tuseme kwa tahadhari kwamba maumivu yatapewa 500,000. Ongeza 142,000 za risiti, 120,000 za operesheni na 104,000 za kipato. Jumla ni 866,000. Hilo ndilo dai lako likienda vizuri. Sasa tulipunguze kwa yale yanayoweza kwenda vibaya, maana hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Kwanza risiti. Uliniambia ulitumia karibu laki na tisini, lakini tuktuk za kwenda kliniki na dawa za dukani hukupewa karatasi. Gharama za namna hiyo mahakama inataka zithibitishwe moja moja, shilingi kwa shilingi. Usiyo na risiti yake ihesabu imepotea.

Kipato chako ni habari nyingine, na hapa nakupa moyo. Watu wa bima hupenda kuwaambia kina mama wa biashara ndogo kwamba bila vitabu vya hesabu hawana walichopoteza. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005 kwamba nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kipato cha mtu. Taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka uliotangulia ajali, daftari la chama linaloonyesha ulikuwa ukiweka kiasi gani kila wiki, anayekuuzia viazi akija kusema ulikuwa ukichukua gunia ngapi, kibali cha biashara cha kaunti kama unacho: hivyo vyote ni ushahidi. Vikusanye sasa watu wangali wanakumbuka.

La helmeti sitakuficha. Sheria ya Trafiki inamtaka abiria wa bodaboda avae helmeti na koti la kuakisi mwanga. Bima watalitaja hilo, na hakimu anaweza kukupunguzia kitu. Lakini jeraha lako liko mguuni. Helmeti isingeuzuia muundi kuvunjika, na wakili mwenye akili atalisema hilo kwa sauti. Kwa uangalifu tukate asilimia 10, inabaki kama 779,000. Kama mlikuwa mshikaki, wawili nyuma ya dereva, niambie, maana makato yataongezeka.

Kisha watasema dereva wa bodaboda naye alikuwa na makosa. Inawezekana. Wewe ulikuwa abiria, hukushika usukani, na kosa la aliyeendesha halikuhusu. Tatizo ni kwamba mahakama ikigawa lawama, tuseme 70 kwa lori na 30 kwa bodaboda, bima ya lori itang'ang'ania kulipa 70 zake tu, na bodaboda huenda hana bima wala mali. Muulize wakili wako atawashtaki kina nani, na sababu yake. Tazama pia abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti yao ya ajali: imeandika nani ana makosa, au imeandika uchunguzi unaendelea? Kama dereva wa lori alishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na akapatikana na hatia, tafuta nakala ya hukumu hiyo hata kama ni kwa kurudi mahakamani mara tano. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtu akishatiwa hatiani kwa hukumu ya mwisho, hawezi kuja kwenye kesi ya fidia akakana kosa lilelile.

Halafu kuna muda, na hapa mume wako ana haki yake. Kesi ya ajali katika mahakama ya hakimu inaweza kuchukua miaka miwili, au zaidi. Ukishinda, bima wanaweza kukata rufaa na kuomba malipo yasimamishwe. Mara nyingi mahakama huamuru nusu ulipwe na nusu iwekwe benki kwa akaunti ya pamoja ya mawakili mpaka rufaa iishe. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha shilingi 1,000,000 na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na sheria yake inataja fidia ya majeraha. Ila majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama kesi za ajali za barabarani zinafaa kupelekwa huko, kwa hiyo mawakili wengi bado wanakwenda kwa hakimu ili wasije wakashinda kisha wakaporomoshwa kwenye rufaa. Laki sita mwezi ujao na laki saba na nusu baada ya miaka mitatu si rahisi kuzilinganisha kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Jambo jingine ambalo watu hawalipimi kabisa ni afya ya kampuni yenyewe ya bima. Kampuni kubwa zilizokuwa zikikatia bima magari ya abiria hapa Kenya zimewahi kuanguka: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Waliokuwa na hukumu mkononi dhidi ya wateja wao walibaki na makaratasi. Uliza sokoni, uliza mawakili wawili watatu kama kampuni hii inalipa hundi zake kwa wakati. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, yaani IRA, hutoa orodha ya kampuni zenye leseni kila mwaka. Ukisikia kampuni inasuasua, shusha bei yako na uchukue pesa taslimu mapema. Ikiwa imara, huna sababu ya kukimbia.

Sasa zile siku 7. Ni kweli aliyetoa ofa anaweza kuiondoa kabla hujaikubali. Lakini haki yako ya kudai haiondoki nayo. Sheria inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya uzembe, nawe umetumia miezi 8. Nimeona ofa "zilizoondolewa" zikirudi baada ya wiki sita zikiwa zimenenepa. Cha kuogopa ni kinyume chake: mazungumzo na bima hayasimamishi hiyo saa ya miaka 3. Wapo waliopigiwa simu tamu, "tunashughulikia, mama, subiri kidogo," mpaka siku ikapita. Andika tarehe ya ajali kwenye kalenda ya ukutani, na kama mwaka wa pili ukiisha hamjaelewana, kesi ifunguliwe mazungumzo yakiendelea.

Karatasi uliyonitumia picha yake ni hati ya kufunga madai, ile ambayo watu wa bima huiita dischaji vocha. Huyo aliyekuletea alikuambia ni ya "kuthibitisha umepokea pesa." Siyo. Iko kwa Kiingereza, kwa hiyo nikueleze mistari mitatu iliyonishtua. Wa pili unasema unaachilia mwenye lori, dereva, kampuni ya bima "na mtu mwingine yeyote" kuhusu ajali hiyo, maana yake hata mwenye bodaboda hutaweza kumdai. Wa nne unasema 400,000 zinajumuisha gharama za wakili, kwa hiyo ukiwa na wakili atakatwa humo humo. Na mahali pa tarehe ya malipo pameachwa wazi. Ungetia sahihi leo, haki yako ingekwisha leo, na pesa zingekuja watakapopenda. Siku mtakayoelewana bei, taka yaandikwe mambo haya: zitalipwa ndani ya siku 30, hati haina nguvu mpaka pesa ziingie, na gharama za wakili zinalipwa mbali.

Kuhusu wakili: mtafute mwenyewe, usichukue wa kuletewa na yule kijana aliyekuwa akizunguka wodini na kadi za biashara. Sheria ya Mawakili hairuhusu wakili kukubaliana nawe kwamba atalipwa tu kesi ikishinda, kwa hiyo akikuambia "tugawane nusu kwa nusu" ondoka. Ada iandikwe mapema. Na siku ya malipo, omba nakala ya barua ya bima yenye kiasi kamili kilicholipwa kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Nimewahi kumpokea mama aliyekabidhiwa 180,000 mkononi bila karatasi yoyote, na mpaka leo hajui bima walilipa ngapi. Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili ipo kwa mambo kama hayo, lakini kuzuia ni rahisi kuliko kulalamika.

Basi bei. Ingekuwa ni mguu wa dada yangu wa tumbo moja, ningewaandikia bima dai la 866,000 nikiambatisha ripoti mpya ya daktari, risiti na taarifa ya M-Pesa. Watashuka, utashuka. Wakifika 650,000 na gharama za wakili mbali, kampuni ikiwa inalipa vizuri, ningetia sahihi. Ukitoa zile 366,000 za hospitali, operesheni na kipato, unabaki na 284,000 kwa ajili ya mguu. Ni pungufu ya ambayo hakimu angeweza kukupa, lakini unazo mwaka huu na usiku unalala. Wakigoma chini ya 550,000, ningefungua kesi. Kati ya hapo amueni wewe na mume wako kwa kutazama deni. Ila ripoti ya daktari ikisema mfupa haujaunga sawa, au mguu umefupika, tupa hesabu hii yote. Ofa yoyote isubiri.

Deni la chama nalo lisikusukume peke yake. Mpelekee mweka hazina barua ya bima yenye ofa. Akiona kwa macho yake kwamba fidia inakuja na kilichobaki ni kiasi tu, ataweza kuwaombea wenzake wakuongezee miezi mitatu. Nimeona vyama vikikubali, hasa mwanachama akiendelea kuweka hata 200 kwa wiki.

Huyo ajenti akirudi Ijumaa, mpe ile barua fupi, umtake atie sahihi kwenye nakala yako kwamba ameipokea, na tarehe. Kisha nipigie ukishapata miadi ya daktari.